Gari Linalokula Maji: Mfano wa Kufundisha Utafutaji wa Chanzo

Kila mwaka, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi aketiye nyuma ya darasa hushuhudia jambo lile lile. Mwanachuo ameweka mezani mmea ulionyauka. Anauliza, "Kwa nini mmea huu umenyauka?" Mkono mmoja unanyooshwa. "Umekosa maji." Darasa linapiga makofi, na somo linaendelea. Hakuna aliyegusa udongo uliomo ndani ya kopo. Yumkini mmea ulizidiwa maji. Yumkini mizizi yake imeliwa na wadudu. Jibu lililotolewa ni la kweli kwa mimea mingi, lakini halikuthibitishwa kwa mmea ule mmoja uliokuwa mbele ya watoto.

Makala haya yanahusu namna ya kuwafundisha watoto wa darasa la sita na la saba kutafuta chanzo cha jambo, badala ya kukikisia. Mfano nilioutumia si mmea, bali ni gari kuukuu la dizeli linalopungukiwa maji. Watoto wetu wanalifahamu jambo hilo. Wengi wamewahi kumwona utingo akishuka na dumu kuomba maji kwenye nyumba iliyo kando ya barabara, huku gari likitoa mvuke. Nao wanayo kauli yake tayari: "Gari linakula maji." Mwalimu aitafakari kauli hiyo kabla ya kuingia darasani. Inaeleza kwamba maji yamepungua, basi. Haisemi yameenda wapi, ingawa msikilizaji hudhani ameshaelezwa. Ipo sababu nyingine ya kuuchagua mfano huu, nayo si ya kujivunia: ni kosa langu mwenyewe.

Kisa cha pikapu ya chuo

Chuo chetu, kilichopo katika nyanda za juu, kilikuwa na pikapu ya dizeli ya silinda nne, yenye umri mkubwa kuliko wanachuo wengi. Ndiyo iliyotupeleka wakufunzi kwenye shule za mbali wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwezi wa Juni mwaka mmoja ilianza kupungukiwa na maji, kama lita moja kwa siku. Asubuhi ilitoa moshi mweupe. Chini yake hapakuonekana tone. Nami, niliyekuwa nikifundisha somo la Sayansi, nilisema mbele ya wanachuo kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Nilikuwa nimekwisha kuliona jambo hilo katika gari jingine, na dalili zilifanana.

Fundi aliitwa, akafika saa saba mchana, pikapu ikiwa imetoka safari. Alichungulia chini, akakuta pakavu, akakubaliana nami. Silinda hedi ikafunguliwa. Gasketi ilikuwa nzima, haina alama ya kuungua mahali popote, na uso wa silinda hedi ulipopimwa kwa rula ya chuma ulikutwa umenyooka. Kwa kuwa gasketi iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi, ilinunuliwa mpya, injini ikafungwa. Kesho yake asubuhi rejeta ilikuwa imepungua lita moja kama kawaida.

Fedha zilizotumika zilikuwa za usafiri wa muhula ule. Kwa wiki tatu wanachuo waliokuwa katika shule za mbali hawakutembelewa. Mmoja wao alikuwa amepewa darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya tisini. Aliacha mazoezi na kurudi kwao kabla sijamfikia, wala hakurejea chuoni. Siwezi kudai kwamba ziara yangu ingembakiza. Nikidai hivyo nitakuwa nimerudia kosa lile lile la kurukia chanzo. Lakini sikwenda, na sababu ya kutokwenda naifahamu.

Aliyetufungua macho ni dereva, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Nilimkuta akijaza maji alfajiri, nikamwuliza huongeza kiasi gani njiani.

"Njiani siongezi, mwalimu. Hupungua usiku. Jioni likishapoa nikifungua huwa yamejaa."

"Mbona hukutuambia, mzee?"

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mmeshajua."

Usiku ule tulifungua bati la kinga lililo chini ya injini, ambalo lilikuwa limejaa tope na majani makavu, tukatandika magazeti chini ya gari. Alfajiri magazeti yalikuwa yamelowa mahali pamoja, chini ya mpira wa chini wa rejeta, pale unapoungana na bomba la chuma. Mpira ulikuwa umekomaa na kuwa mgumu, bomba lina kutu, na kibano kimelegea. Katika baridi ya usiku vitu hivyo vilisinyaa na kuacha upenyo. Injini ilipopata moto mpira ulitanuka na kuziba. Ndiyo maana fundi wa saa saba mchana alikuta pakavu. Tone moja lilianguka kila baada ya sekunde mbili hivi. Lilianguka juu ya bati lenye tope, na kutoka hapo likaingia katika nyasi ambazo kila asubuhi huwa zimelowa umande. Kibano kipya na mpira mpya viligharimu sehemu ndogo sana ya fedha tulizokwisha kupoteza.

Watoto wapewe hesabu ya tone lile, kwa maana wengi hawaamini kwamba tone laweza kumaliza lita. Tone moja kila sekunde mbili ni matone 30 kwa dakika. Tukikadiria matone 20 katika mililita moja, hiyo ni mililita moja na nusu kwa dakika, yaani mililita 90 kwa saa. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 11. Jumla yake ni mililita 990.

Njia ambazo maji huzipita

Mwalimu hana haja ya kuwa fundi ili afundishe somo hili, ila ni lazima azijue njia zenyewe. Si nyingi. Maji huweza kuvuja nje. Huweza kusukumwa au kuchemkia nje kupitia kifuniko cha rejeta. Huweza kuingia ndani ya silinda na kutoka na moshi. Au huweza kuingia katika oili. Zaidi ya hapo lipo jambo ambalo si upotevu kabisa, nalo ndilo nianzie.

Maji hutanuka yakipata joto. Lita 10 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 90 za Selsiasi huongezeka kwa takribani mililita 340, karibu ujazo wa chupa moja ya soda. Dereva akiijaza rejeta hadi mdomoni injini ikiwa baridi, na gari halina chupa ya akiba, ziada hiyo haina budi kumwagika. Kesho yake atakuta imepungua, ataijaza tena hadi mdomoni, na itamwaga tena. Gari hilo halina ugonjwa. Ugonjwa uko katika ujazaji.

Kifuniko cha rejeta wengi hukidharau, hata wakaziba rejeta kwa kitambaa na kipande cha mti. Kazi yake si kuzuia maji yasirukeruke tu. Kina springi inayoshikilia kanieneo ndani ya mfumo, na juu yake aghalabu pamepigwa namba kama 0.9 au 1.1. Kadiri kanieneo inavyozidi ndivyo maji yanavyochelewa kuchemka. Usawa wa bahari, kifuniko cha 0.9 kilicho kizima huyafanya maji yachemke kwenye nyuzi 118 hivi. Katika mwinuko wa mita 1,800 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Kifuniko kizima huyapandisha hadi kama 115. Basi gari lenye kifuniko kibovu laweza kusafiri vizuri katika mwambao na kuchemsha linapofika milimani, na watu wakailaumu injini. Mpira wa kifuniko ukaguliwe, na springi ibonyezwe kwa kidole, kabla ya kitu kingine chochote kufunguliwa.

Uvujaji wa nje una hila zake. Upo wa baridi, kama ule wa pikapu yetu. Upo wa moto, ambapo maji yanakauka juu ya chuma kabla ya kudondoka. Huu huacha alama ya chumvi nyeupe, kutu, au rangi ya dawa ya rejeta. Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya ekseli yake, lililowekwa makusudi ili sili ikichakaa maji yatokee hapo na kutoa habari. Nimepata kumwona mtu akiliziba. Gari lenye kipasha joto cha chumbani laweza kuvujia ndani, chini ya zulia la abiria, na wenye gari wakadhani ni mvua.

Sasa yale ya ndani ya injini, ambayo ndiyo hutiliwa shaka kwanza ilhali yalistahili kuwa ya mwisho. Hofu yenyewe ina msingi. Injini ya petroli ya zamani hubana hewa mara nane hadi kumi hivi. Ya dizeli ya zamani yenye vyumba vya awali hubana mara 20 na zaidi. Nguvu hiyo ikipata ufa katika silinda hedi au upenyo katika gasketi, gesi ya mwako hupenya na kuingia katika maji, ikayasukuma nje kupitia kifuniko. Dalili zake zinapimika. Washa injini iliyolala baridi, shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado baridi, hiyo si kazi ya joto. Kadhalika mapovu yasiyokoma katika rejeta iliyofunguliwa kabla ya kuwashwa huelekeza huko huko.

Mafundi wenye vifaa hupitisha hewa ya juu ya rejeta katika kimiminika cha buluu. Gesi ya kabonidayoksaidi hukigeuza rangi: kwa injini ya petroli huwa njano, kwa dizeli aghalabu kijani, maana moshi wa dizeli hubaki na hewa nyingi zaidi na gesi hiyo huwa kidogo ndani yake. Mwalimu atatambua kwamba ni ndugu wa jaribio letu la maji ya chokaa, ambapo mtoto hupuliza kwa mrija na maji yakawa meupe.

Moshi mweupe ndio ulionidanganya. Kila lita moja ya dizeli inayoungua hutoa takribani lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Asubuhi ya baridi mvuke huo huonekana, kama pumzi zetu zinavyoonekana, na injini ya dizeli iliyo baridi huongezea ukungu wa mafuta yasiyoungua vizuri. Wenye maana ni moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto. Oili nayo huangaliwa kwenye kijiti cha kupimia: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa na kina chake kimepanda, maji yameingia. Povu kidogo chini ya kifuniko cha kutilia oili pekee, katika gari linalokwenda safari fupi wakati wa baridi, si ushahidi wa kutosha. Huwa ni umande tu.

Mpangilio wa majaribio

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Majaribio hupangwa kwa kufuata gharama na madhara yake. Linaloanza ni lile lisiloharibu kitu, na linalofunga safari ni lile lisiloweza kurudishwa nyuma. Kumwuliza dereva hakugharimu hata senti moja. Kupima maji kwa jagi asubuhi na jioni, na kuandika, kunagharimu daftari. Magazeti chini ya gari, kukagua kifuniko, kushika mpira injini ikiwa baridi, kuangalia kijiti cha oili: yote haya ni kazi ya asubuhi moja. Baadaye ndipo huja pampu ya mkono inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta na kuijaza kanieneo ya kifuniko. Sindano ikishuka na nje pakiwa pakavu, ndipo ndani panatiliwa shaka kwa haki. Kufungua silinda hedi huja mwisho kabisa, wala hufunguliwa ili kutengeneza kilichokwisha kujulikana, si ili kuchungulia. Sisi tulianzia huko mwisho.

Wanachuo huniuliza kama haifai kuanza na lile linaloelekea zaidi kuwa chanzo. Mara nyingine yafaa, hasa kwa fundi aliyeona magari mengi ya aina moja. Lakini mtoto hana uzoefu huo, nami sikuwa nao. Nilikuwa na kisa kimoja tu nilichokikumbuka.

Tahadhari

Mwalimu akitaka kuwaonyesha watoto gari halisi, injini iwe imelala usiku kucha. Kifuniko cha rejeta yenye moto kisifunguliwe na mtu yeyote mbele yao, hata kwa kitambaa. Maji yaliyozidi nyuzi 100 hulipuka kuwa mvuke mara kanieneo inapoondolewa, na huunguza uso na macho. Jambo la pili husahauliwa zaidi: dawa ya rejeta, ile ya kijani au nyekundu, aghalabu hutengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ni tamu na ni sumu ya kuua. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, wala isimwagwe mahali mbwa na kuku wanapokunywa.

Somo bila gari

Shule nyingi hazina gari la kutazama. Yatosha makopo matatu ya ukubwa mmoja, mizani ya kutundika na rula. Kopo A hutobolewa kwa sindano chini, likakalishwa juu ya bakuli la mchanga mkavu. Kopo B ni zima, lakini hufunikwa kitambaa chepesi tu na kuwekwa mahali penye jua. Ndani ya kopo C huwekwa kipande kikubwa cha tofali la kuchoma kilichokauka vizuri. A na C hufunikwa kwa karatasi ngumu yenye tundu la kupitisha rula, na yote matatu huvikwa karatasi ubavuni ili yasionyeshe yaliyomo. Maji hutiwa hadi kina kimoja, kisha kila kopo hupimwa uzito mara moja. Baada ya siku nzima watoto hupima kina na kukuta kimepungua katika yote matatu. Tundu la A liwe dogo sana, la sivyo siri itatoka kabla ya wakati. Ulijaribu mwenyewe siku moja kabla.

Swali la mwalimu lisiwe "Kwa nini yamepungua?" Swali hilo huleta majibu kumi ya kukisia. Aulize, "Tufanye nini ili tujue yameenda wapi?" Kila mtoto anayejibu ataje jaribio, na aseme kabla ya kulifanya atatarajia kuona nini. Yaandikwe ubaoni yote mawili. Mtoto akisema "tufungue," asikataliwe. Jaribio lake liandikwe mwisho wa orodha, na aelezwe litafanyika mengine yakimalizika.

Mwaka uliofuata nilikaa nyuma ya darasa la sita nikimtazama mwanachuo akilifundisha. Mengi yalikwenda polepole, na kwa dakika kumi nzima watoto walibishana juu ya rula tu. Kisha mvulana mmoja, ambaye hakuwa ameinua mkono tangu kipindi kianze, akaomba aruhusiwe kuyatundika makopo kwenye mizani. A lilikuwa jepesi kuliko jana. B vilevile. C uzito wake ulikuwa ule ule.

"Hili halijapoteza maji, mwalimu," akasema. "Yamo humu humu. Yamejificha."

Mwanachuo alitaka kufungua C pale pale, kwa furaha. Akajizuia, akawauliza wangewezaje kuyatenganisha A na B, maana yote mawili yamepungua uzito. Wakanyamaza kitambo. Msichana wa dawati la mbele akasema tuyapime jioni jua linapotua, tuyapime tena asubuhi. Lile linaloendelea kupungua sana usiku, lina tundu. Kengele ilikuwa imeshalia, na watoto wawili walikuwa wanagombea nani atakuja kupima alfajiri.